Shangazi Anunua Gauni Mwenyewe

Mwenye duka aliitwa Sindano tangu shuleni, enzi hizo akiwa mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu unadhani ameondoka. Wembamba ulimtoka baada ya mtoto wa pili, lakini jina likabaki. Waliomjua vizuri walisema jina halikukosea, kwani ncha yake ilikuwa imehamia kwenye ulimi.

Duka lake lilikuwa mtandaoni. Kazi yenyewe ilifanyika chumba cha mbele cha nyumba yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, reli ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na shuka jeupe la kupigia picha. Kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, DUKA LA KILA MTU. Maua ya waridi yalielea juu yake yakishuka polepole, na kinanda kilianza kulia chenyewe mtu akifungua tu. Sindano aliyapenda yale maua. Kuna siku alikaa kuyatazama mpaka akaunguza mboga.

Jumatatu moja shangazi yake aliingia, akapapasa kiti, akakaa, akaweka simu mapajani.

"Mwanangu," alisema, "nimo dukani kwako tangu saa mbili asubuhi, na sijakuta nguo hata moja."

"Shangazi! Nguo zimejaa tele mle."

"Haya, sikiliza."

Shangazi alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, akiandika maneno ya watu yalivyotoka vinywani mwao, uongo na kikohozi pamoja. Sasa alikuwa amestaafu, na miaka mitatu iliyopita presha ya macho ilimzimia taa zote mbili. Hakulala nayo. Alijifunza simu inayosoma kwa sauti kila kidole kinapogusa, na kwa simu hiyo alisoma magazeti, alilipa umeme na aligombana na watu kwenye makundi ya ukoo. Sasa akapitisha kidole kwenye kioo, na simu ikaanza kusema kwa sauti ya mtu asiyejali lolote duniani:

"Picha. Elfu nne mia mbili kumi na saba. Kitufe. Kitufe. Ua. Ua. Picha. Elfu nne mia mbili kumi na nane. Ua. Kitufe. Ua."

Na nyuma ya hayo yote kinanda kikawa kinalia.

"Nimebonyeza kitufe kimoja," Shangazi alisema, "ikaniambia asante. Asante ya nini, sijui."

Sindano alifungua kompyuta akatazama. Shangazi alikuwa ameagiza suruali ya kiume ya saizi ya mwisho kabisa, ile ambayo Sindano aliishona kwa makosa na haikuwahi kumtosha binadamu yeyote.

"Shangazi, kwa nini ujisumbue? Mimi si nipo? Niambie unataka nini, nikuchagulie."

"Ulishanichagulia lile gauni la maua."

Sindano akanywea. Lile la maua alimpelekea Shangazi kwa ajili ya kisomo cha kumkumbuka mzee mmoja wa ukoo. Alimwambia, ni la maua, la heshima, litakukaa. Shangazi alikaa nalo mstari wa mbele, uso wa huzuni, mpaka mama aliyekuwa akigawa chai alipomwinamia na kumwambia kwamba mananasi yake yamemfurahisha sana. Mananasi makubwa, yenye majani. Kitambaa hicho Sindano alikinunua robota zima siku aliyopoteza akili, na hakuna mteja aliyekitaka.

"Baada ya wiki tatu kijana wangu anaoa," Shangazi alisema. "Nitakuwa mama wa bwana harusi mara moja tu, maana sina mwingine. Tangu macho yazime, kila mtu ananivalisha. Wewe unanivalisha, jirani ananivalisha, kijana wangu mwenyewe aliniletea sweta nisijue lina sura gani mpaka leo. Safari hii nachagua mwenyewe. Nitaingia dukani kwako kama mteja yeyote, nichague, nilipe, niletewe. Nikishindwa kwako nitanunua kwingine, na siku ya harusi wageni wakiuliza nimenunua wapi, nitawajibu kwa kipaza sauti."

Alisimama, akakunjua fimbo yake nyeupe, akaenda zake. Agizo la suruali hakulifuta. Alisema ni ushahidi.

Kesho yake akaitwa fundi wa tovuti. Fundi huyu waliomzoea walimwita Kimya, kwa sababu maneno aliyagawa kwa kijiko. Alisikiliza kisa chote, akaitazama tovuti, akatikisa kichwa mbele ya maandishi ya kijivu yaliyokuwa yamekaa juu ya rangi ya waridi, kisha akachukua kitambaa cha kichwa cha Sindano mwenyewe akamfunga nacho macho. Akaiwasha kompyuta isome kwa sauti, akasukuma kipanya mbali.

"Nunua skafu," alisema.

"Kwenye duka langu? Kazi ndogo hiyo."

Baada ya nusu saa kazi ndogo ilikuwa imemtoa jasho. Kikapuni alikuwa ameweka sketi kumi na nne za aina moja. Alijiandikisha mara tatu kupokea matangazo yake mwenyewe. Mwisho aligusa kitu asichokijua, na papo hapo simu yake ikalia mfukoni. Alifunua kitambaa upande mmoja akasoma: kuna mteja anahitaji msaada.

"Nani tena huyu, wakati nina kazi?" akafoka.

"Wewe," Fundi Kimya alisema.

Hapo Sindano alicheka, kisha akaacha kucheka. Alipaona mahali ambapo Shangazi alikuwa amekaa tangu saa mbili asubuhi, akipapasa ukuta uliojaa vitufe visivyo na majina.

Fundi alifanya kazi siku nne. Kila kitufe kilipata jina lake: weka kikapuni, chagua saizi, lipa, rudi nyuma. Maandishi yalikolezwa yakawa meusi, na jirani mmoja mwenye miwani mizito alipiga simu kushukuru, akidhani amebadilishiwa macho. Kinanda kilinyamazishwa. Maua ndiyo yaliyoleta ugomvi. Sindano aliyapigania kama mtu anayepigania shamba la urithi. Alisema maua ndiyo duka, bila maua ni jedwali tu. Fundi hakubishana. Aliwasha sauti, akaacha mashine iseme ua, ua, ua, ua, huku yeye akinywa chai yake taratibu. Kwenye ua la sitini na kitu Sindano alisema, "Toa."

Sasa zikabaki picha. Kila picha, Fundi alieleza, iwekewe maneno nyuma yake. Anayeona hatayaona. Asiyeona ndiye atakayeyasikia.

"Picha mia na ishirini," alisema, akaondoka.

Kwa kuuza kwa mdomo Sindano hakuwa na mpinzani, basi alianza kama alivyozoea. "Gauni la kukata na shoka! Ukilivaa hili, jirani atahama!" Aliandika ishirini za namna hiyo kwa asubuhi moja, akajisifu. Mchana ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Shangazi: "Jirani kahama, sawa. Gauni lina mikono?"

Mikono. Sindano aligundua kwamba katika maelezo ishirini hakuna mkono hata mmoja, wala rangi, wala urefu. Akachoka. Akakumbuka kwamba ana maagizo ya kushona, akamkabidhi kazi wifi yake.

Wifi huyu, mdogo wa mume wake, ndiye aliyekuwa akivalishwa nguo zote na kupigwa picha mbele ya lile shuka jeupe. Malipo yake yalikuwa kula na kulala na sifa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kila aliyefika nyumbani aliambiwa ishirini na nne. Alikaa na kompyuta siku mbili, akaandika kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana kwake jikoni, akatangaza amemaliza. Sindano, mdomo umejaa pini, alisema asante wifi, bila kusoma.

Ujumbe wa Shangazi ulikuja jioni. Sauti yake ilikuwa na ule utulivu wa mahakamani.

"Nimesikiliza picha arobaini. Ya kwanza: dada mrefu, maji ya kunde, ametabasamu, ana mwanya. Ya pili: dada yule yule, ameegemea mlango, shingo yake imesimama vizuri. Ya tisa: dada, bado hajapata mchumba, ametazama mbali. Mwanangu, wifi yako namjua sasa kuliko mama yake anavyomjua. Lakini amevaa nini? Au anapigwa picha uchi?"

Sindano alizitema pini zote. Kabla hajamaliza kumwita wifi kwa jina lote na ubini, simu ya duka ikalia. Alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito na adabu nyingi, aliyejitambulisha kuwa fundi redio, na kwamba haoni tangu kuzaliwa. Alipongeza duka. Kisha akakohoa, akauliza kama yule dada aliyeegemea mlango yupo karibu. Wifi aliichukua simu akaenda nayo uani, na hakurudi mpaka chaji ilipoisha.

Siku zikawa zimebaki tisa. Sindano alipiga moyo konde, akafuta yote, akaketi mwenyewe. Safari hii alichukua nguo moja moja kutoka kwenye reli, akafumba macho, akaishika kwanza, ndipo akaandika. Kitu cha kwanza alichojifunza ni kwamba hakuwa anazijua nguo zake. Kola ya blauzi moja aliyoipenda sana ilikwaruza kama jani la mchongoma. Sketi moja ilikuwa na mfuko ambao hata sarafu ingechungulia nje. Wenyewe wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye miaka yote alikuwa akivitembeza vibaya vyake kwa maua na kinanda. Sasa aliandika mambo yalivyo: mikono inaishia kwenye kiwiko, kitambaa chepesi, kinakunjamana ukikaa, vifungo vitano mbele, kimoja kigumu kufunga. Nguo nyingine alizifumua akazishona upya, kwa sababu aliona haya kuandika ukweli wake.

Mwishoni mwa reli alikuta mafungu ya nguo za vitambaa vilivyomshinda kuuza. Lile la mananasi. La michirizi ya kahawia na kijani. Lile ambalo rangi yake haikuwa na jina. Alijaribu kuyaandikia na maneno hayakuja. Kila nguo pale ilikuwa na ndugu yake kabatini kwa Shangazi. Alikuwa amempelekea moja baada ya nyingine, akimwambia umependeza, na Shangazi alikuwa akimshika mkono na kumshukuru. Sindano alikaa chini sakafuni katikati ya vitambaa, akalia kidogo, kilio cha aibu, ambacho hakina wa kukibembeleza. Kisha akavifunga vyote kwenye gunia, akaliandika: vya kufutia mashine.

Alibakiwa na gauni la mwisho, alilolishona siku moja alipokuwa na furaha isiyo na sababu. Aliliandika kwa uaminifu kama mengine: "Gauni refu hadi kwenye kifundo cha mguu. Rangi nyekundu kali, ya pilipili iliyoiva. Mikono mirefu, imebana. Kitambaa kizito, laini, kinaanguka vizuri. Zipu mgongoni, mkanda wa kitambaa hicho hicho. Si gauni la kujificha: ukiingia nalo mahali, watu watageuka." Sentensi ile ya mwisho aliiweka kama onyo.

Kwa Shangazi alikwisha kukata shauri moyoni. Bila kumwambia mtu alikuwa ameshona gauni la bluu iliyoiva, kola ya duara, la heshima hasa, kwa vipimo vyake. Akaliandikia maelezo matamu kuliko yote, ila ya kweli, akaliweka juu kabisa kwenye ukurasa wa kwanza ambapo kidole hakiwezi kulipita. Kisha akangoja.

Agizo liliingia Alhamisi, siku nne kabla ya harusi. Jina la Shangazi, anwani yake, saizi yake, malipo yamekamilika, hakuna kosa hata moja. Gauni refu, jekundu.

"Mungu wangu," Sindano alisema.

Alilitoa kwenye reli akaliangalia. Lilimwangalia. Akamwona Shangazi, mama wa bwana harusi, miaka sitini na minne, akiingia ukumbini na moto ule mwilini, na akina mama wa upande wa pili wakigusana viwiko. Wangesema nini? Wangesema wamemvalisha kipofu wa watu wakamfanya kichekesho. Wangeuliza ni nani fundi wake. Na Shangazi asingejua kwa nini minong'ono imezagaa, angekaa pale mbele akitabasamu. Wazo hilo lilimchoma kweli kweli, hakuwa anajisingizia.

Aliliweka jekundu kwenye mfuko wa kuwatumia wateja mizigo, akaufunga kwa selotepu. Akatembea hadi dirishani. Akarudi. Akaukata mfuko, akatoa jekundu, akatia la bluu.

Wifi alikuwa mlangoni, simu sikioni, akimsikiliza fundi redio. Akaishusha.

"Wifi, hilo si ndilo alilolipia."

"Najua. Hili litamkaa vizuri zaidi."

"Lakini ameagiza jekundu."

"Hataona," Sindano alisema.

Neno lilitoka jepesi, kisha likabaki pale chumbani. Simu ya wifi ilikuwa bado hewani, na kule upande wa pili yule mwanamume mwenye adabu nyingi alikuwa amesikia. Wifi aliangalia chini. Sindano alihisi uso ukimwaka hadi masikioni. Hakuna aliyemsema, na angefurahi kama angesemwa.

Aliufungua mfuko tena, akatoa la bluu, akarudisha jekundu, akafunga kwa selotepu mpya juu ya ile ya zamani, akamkabidhi mleta mizigo mwenyewe, mkononi. Akasimama barabarani mpaka pikipiki ilipokata kona.

Saa kumi simu ya duka ililia.

"Nazungumza na mwenye duka?" Ilikuwa sauti ya Shangazi, ya kikarani kabisa.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi ni mteja. Nimepokea mzigo wangu, ila haujakamilika. Mliandika gauni lina mkanda wa kitambaa hicho hicho. Mkanda hamna."

Sindano aligeuka. Mkanda mwekundu ulikuwa mezani, umejikunja kando ya gauni la bluu.

"Umebaki mezani, Shangazi. Samahani."

"Umebakije mezani, wakati gauni huuzwa pamoja na mkanda wake? Maana ndivyo mlivyoandika."

Miaka thelathini ya kusikiliza mashahidi wakijikanyaga. Sindano aliona hakuna pa kukimbilia.

"Nilikuwa nimelitoa, Shangazi. Nilitia la bluu nililokushonea. Halafu nikalirudisha jekundu."



"Nilijua," Shangazi alisema, na sauti ya mteja ilikuwa imemtoka. "Nilipopapasa mfuko nilikuta selotepu juu ya selotepu. Nikasema, basi, wameshanichagulia. Mwanangu, nimekaa na mfuko huu mapajani saa nzima. Nilifungua, nikashika, kitambaa kizito, laini, kama ulivyoandika. Lakini rangi haishikiki. Na niliogopa kumwuliza mtu. Mimi, niliyewahi kumtolea macho jambazi kizimbani, nimeogopa kuuliza rangi ya gauni langu."

"Shangazi..."

"Mwisho nikatoka barazani. Nikamwuliza muuza mkaa, akasema jekundu. Sikumwamini, nikangoja apite mwingine. Akapita mama mmoja simjui, akasema, mama, hilo jekundu linaonekana toka barabara kuu. Mashahidi wawili, hawajuani. Nikaingia ndani nikalia. Sasa niletee mkanda wangu."

Sindano alikwenda kwa miguu, mbio mbio, mkanda umezungushwa mkononi. Alimkuta Shangazi amesimama katikati ya sebule, ndani ya lile gauni, mikono imeshuka ubavuni, kidevu juu, kama anayesubiri kusomewa hukumu.

"Haya," Shangazi alisema. "Sema."

Sindano alifungua kinywa kusema umependeza. Akakifunga. Alimzunguka mara moja, polepole, akimtazama hasa, na ilimjia kwamba hakuwahi kumtazama hivyo tangu macho yale yazime.

"Linafika kwenye kifundo cha mguu," alisema. "Mikono imekaa sawasawa. Begani upande wa kushoto limepanda kidogo, nitalishusha. Ni jekundu sana, Shangazi. Linakung'arisha uso, unaonekana kama mtu aliyetoka kuambiwa habari njema. Watu watageuka. Wengine watasema."

"Waseme. Na nyuma?"

"Nyuma zipu imeishia katikati. Mgongo wako wote uko nje."

"Sasa unangoja nini?" Shangazi alisema. "Funga."